John Mensah Sarbah, Wakili wa Pwani ya Dhahabu

1. Nchi ya Wafanti

Katika Afrika ya Magharibi iko nchi iitwayo Ghana. Zamani Wazungu waliiita Pwani ya Dhahabu, kwa maana walikuja huko kwa merikebu kununua dhahabu tangu karne ya kumi na tano. Kando ya bahari wanakaa Wafanti, na katika miji yao yenye sifa ni Cape Coast na Anomabu. Wengine wao ni wavuvi, wengine wakulima, wengine wafanya biashara.

Wareno, Waholanzi, Wadenmark na Waingereza walijenga ngome za mawe katika pwani ile. Ndani ya ngome hizo waliweka dhahabu na bidhaa, na kwa muda wa miaka mingi waliweka na watu, waliouzwa utumwani ng'ambo ya bahari. Hata biashara ya watumwa ilipokatazwa, watu walishika biashara ya mawese.

Yafaa kukumbuka jambo moja, kwa kuwa habari yote inayofuata imejengwa juu yake. Wageni wale walijenga ngome zao juu ya ardhi ya wenyeji, nao waliwalipa wakuu wa nchi kodi kwa ajili ya mahali walipokaa. Mwaka 1844 baadhi ya wakuu wa Wafanti walitia sahihi mkataba na Waingereza. Katika mkataba ule walikubali kwamba makosa makubwa, kama kuua na kuiba, yahukumiwe pamoja na mahakimu wa Malkia wa Uingereza. Juu ya ardhi mkataba haukusema neno lo lote. Lakini mwaka 1874 Waingereza walitangaza kwamba Pwani ya Dhahabu ni koloni lao, na tangu siku hizo swali likawa hili: je, ardhi ni ya nani?

Mtu aliyesimama kulijibu swali hilo mbele ya Serikali alikuwa John Mensah Sarbah.

2. Jamaa yake

John Mensah Sarbah alizaliwa Anomabu siku ya Ijumaa, tarehe 3 Juni 1864. Baba yake aliitwa John Sarbah, na mama yake Sarah.

Baba alikuwa mfanya biashara mwenye bidii na akili. Alinunua mawese, kokwa za michikichi na mpira kwa watu wa bara, akavipeleka Ulaya kwa meli, naye akaleta nguo na bidhaa nyingine za kuuza. Alikuwa na maduka katika miji kadhaa ya pwani. Tena alikuwa Mkristo wa kanisa la Wesley, na katika miaka yake ya mwisho Serikali ilimchagua awe mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwafanti kuketi katika baraza lile lilikuwa jambo la nadra sana zamani hizo.

Kazi ya biashara ilimfunza mzee Sarbah jambo ambalo wengi hawakuliona bado. Alitambua kwamba mambo makubwa ya nchi yameanza kuamuliwa kwa karatasi: barua, hesabu, mikataba, na sheria zilizopigwa chapa. Mtu asiyeweza kuzisoma karatasi hizo atafungwa nazo hali hajui. Kwa hiyo aliwatafutia watoto wake elimu kwa gharama kubwa.

Mtoto wake alisoma kwanza katika shule ya Misheni ya Wesley mjini Cape Coast. Baadaye alipelekwa Uingereza, katika shule ya Taunton, huko upande wa magharibi wa nchi ile. Alipomaliza masomo ya shule aliingia London, akajifunza sheria katika chuo cha mawakili kiitwacho Lincoln's Inn. Mwaka 1887 alikubaliwa kuwa wakili. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu tu, naye alikuwa mtu wa kwanza wa Pwani ya Dhahabu kuipata daraja ile.

3. Wakili arudi nyumbani

Sarbah alirudi Cape Coast, akaanza kazi ya uwakili. Watu walimjia kwa mashauri ya kila namna: mashamba, madeni, ndoa na mirathi. Hapo ndipo alipoona shida kubwa iliyowapata watu wake.

Mwaka 1876 Serikali ilikuwa imetoa sheria ya kuziweka mahakama za koloni. Sheria ile iliwaruhusu mahakimu kuamua mashauri ya wenyeji kwa kufuata desturi za wenyeji, maadamu desturi hizo si za kudhulumu, wala hazipingani na sheria za Serikali. Basi kwa maneno, desturi ilikuwa imepewa nafasi yake. Lakini hakimu alikuwa Mwingereza. Hakuzaliwa katika nchi ile, wala hakuijua lugha yake. Ataijuaje desturi ya Wafanti? Ilikuwa lazima mashahidi waitwe waieleze, na shauri jingine likija, mashahidi waitwe tena upya.

Mara nyingi mashahidi hawakupatana. Huyu alisema hivi, na yule alisema vile, kwa kuwa kila mmoja alitaka ndugu yake ashinde. Hakimu akishindwa kuipata desturi yenyewe, aliweza kuifuata sheria ya Kiingereza, hata kama haikulingana kabisa na maisha ya watu wale.

Mfano mmoja wa kueleza jambo hili ni urithi. Kwa Wafanti, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Zamani hizo mtu akifa, mali yake haikwenda kwa watoto wake, bali iliingia katika ukoo wake mwenyewe, na mara nyingi mwenye kuishika alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, au mtoto wa dada yake. Katika Afrika ya Mashariki desturi ya kuhesabu ukoo kwa upande wa mama hujulikana pia, kama kwa Wayao na Wamakonde. Lakini Mwingereza, ambaye kwao mtoto humrithi baba, aliposikia neno hili kwa mara ya kwanza alidhani kwamba mpwa ni mnyang'anyi, na kwamba watoto wa marehemu wamedhulumiwa. Hakujua kwamba watoto wale nao wana mali katika ukoo wa mama yao.

Sarbah aliwajua wazee wa pande zote mbili. Alizijua sheria za mahakama ya London, na alizijua sheria za barazani pa Wafanti. Akaona kwamba ubaya wa desturi za kwao ulikuwa mmoja tu mbele ya hakimu, nao ni huu: hazikuandikwa.

4. Kitabu cha desturi

Alianza kukusanya. Aliwauliza wakuu na wazee, akazisoma hukumu za zamani katika madaftari ya mahakama, akazilinganisha hukumu hizo na maneno ya wazee. Kazi hii aliifanya pamoja na mashauri yake ya kila siku, kwa muda wa miaka mingi. Mwaka 1897 kitabu chake kikapigwa chapa London. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu wasomaji aliowakusudia hasa walikuwa mahakimu na mawakili, na jina lake ni Fanti Customary Laws, yaani Sheria za Desturi za Wafanti.

Katika kitabu hicho alieleza ukoo ni nini, na nani mkuu wake. Alieleza jinsi ndoa ifungwavyo, jinsi mali ipatikanavyo, na jinsi irithiwavyo. Baada ya maelezo aliweka mashauri yaliyokwisha kuamuliwa mahakamani, ili kila neno lipate ushahidi wake. Wakili aweza kuinua kitabu na kumwambia hakimu, Tazama, desturi ndiyo hii, na mahakama hii yenyewe ilikwisha kuikubali.

Jambo alilolieleza kwa uangalifu mkubwa ni ardhi. Mtu akifyeka msitu kwa nguvu zake na kulima, ana haki katika shamba lile maisha yake yote. Akifa bila kuacha maagizo, shamba lile huwa mali ya ukoo. Mkuu wa ukoo huilinda mali hiyo, lakini si yake peke yake. Hawezi kuiuza bila shauri la wakubwa wenzake katika ukoo. Akiuza kwa siri, wenzake wana haki ya kuyavunja mapatano yale. Vivyo hivyo ardhi iliyo chini ya kiti cha mfalme wa mji si mali ya mfalme mwenyewe. Yeye ni mtunzaji, na akiondolewa katika kiti, ardhi hubaki na kiti.

Ndivyo Sarbah alivyowafahamisha wageni kwamba katika nchi ile ardhi ilikuwa na wenyewe, ijapokuwa haikuwa na hati.

Baadaye aliandika vitabu vingine. Mwaka 1904 alitoa kitabu cha mashauri ya Kifanti yaliyoamuliwa, na mwaka 1906 alitoa kitabu kingine juu ya jinsi Wafanti walivyojitawala tangu zamani, na jinsi wafalme, wazee na watu wa kawaida walivyogawana mamlaka.

5. Sheria iliyotaka kuichukua ardhi

Wakati ule ule Sarbah alipokuwa akikusanya desturi, hatari ilikuwa imekwisha kuingia. Kampuni nyingi za Ulaya zilitaka kuchimba dhahabu na kukata miti, nazo zilikwenda kwa wakuu wa miji kupatana nao. Mapatano mengine yalikuwa mabaya: ardhi kubwa ilitolewa kwa fedha kidogo, na pengine ardhi moja ilitolewa kwa kampuni mbili. Serikali ilisema kwamba imepasa kuyakomesha machafuko hayo, na neno hilo lilikuwa na kweli ndani yake. Lakini dawa iliyoletwa ilikuwa kali kuliko ugonjwa.

Mwaka 1894 Serikali ilitunga muswada wa sheria wa kusema kwamba ardhi yote isiyotumiwa, pamoja na misitu na madini, iwe chini ya Taji la Uingereza. Watu walipiga kelele kwa kuukataa, na muswada ukawekwa kando. Mwaka 1895 alikuja Gavana mpya, William Maxwell. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika nchi ya Malaya, na huko alikuwa hodari wa mambo ya ardhi. Mwaka 1897 akaleta muswada mwingine. Safari hii Serikali haikusema kwamba ardhi ni mali ya Taji, ila ilitaka kupewa mamlaka ya kuisimamia yote. Mwenyeji angehesabiwa kuwa na haki ya kukaa tu juu ya shamba lake, na kama akitaka haki iliyo kamili, aiombe Serikali impe hati.

Sarbah alitambua mara moja maana yake. Mtu aombaye kupewa kitu amekwisha kukiri kwamba kitu si chake.

Wafalme na watu wa pwani wakamweka awe wakili wao mbele ya Baraza la Kutunga Sheria. Alisimama akatoa hoja zake moja moja kwa utaratibu. Kwanza, Waingereza hawakuishinda nchi ile kwa vita, wala hawakuinunua, wala hawakupewa kwa mkataba. Basi imekuwaje kuwa yao? Pili, hakuna katika nchi ile ardhi isiyo na mwenyewe. Shamba likichoka mkulima huliacha miaka mingi lipumzike, na miti huota tena juu yake. Mgeni apitaye huona msitu, akasema, Hapa hapana mtu. Lakini wazee wa ukoo wanajua ni nani aliyelima pale, na mpaka wake ni mto gani au mti gani. Tatu, sheria ile itawavunja wafalme na koo, kwa sababu ukoo usio na ardhi hauna kitu cha kuwaunganisha watu wake.

Kwa kazi ile yote Sarbah hakutaka malipo. Alisema ni kazi ya nchi yake.

6. Safari ya London

Maneno mazuri ya wakili mmoja hayatoshi kuizuia Serikali. Mwaka 1889 Sarbah na wenzake walikuwa wameanzisha chama cha kutunza desturi na heshima ya Wafanti. Katika mwaka ule wa 1897 chama hicho kikakua, kikawa Chama cha Kulinda Haki za Wenyeji wa Pwani ya Dhahabu. Wafalme waliingia pamoja na watu waliosoma, na umoja huo ndio uliokuwa nguvu yake. Wafalme walikuwa na ardhi na watu. Waliosoma walikuwa na kalamu. Chama kikatoa gazeti lake, ili habari za muswada zifike kila mji.

Hata walipoona kwamba Gavana hasikii, waliazimu kwenda kwa mkubwa wake. Mwaka 1898 walituma watu watatu London. Mkuu wao alikuwa Jacob Wilson Sey, mzee aliyeanza maisha kwa kazi ya useremala, akapata utajiri mwingi kwa biashara ya mawese. Mzee huyu hakujua kusoma wala kuandika, lakini alitoa fedha zake nyingi ili ardhi ya nchi isipotee. Wenzake wawili walikuwa Thomas Jones na George Hughes.

Mwezi wa Agosti 1898 walipokewa na Joseph Chamberlain, waziri aliyekuwa juu ya makoloni yote ya Waingereza. Waliyasema kwa mdomo yale ambayo Sarbah na chama walikuwa wameyatengeneza kwa maandiko. Chamberlain aliwasikiliza, akawaahidi kwamba katika mambo ya ardhi sheria ya wenyeji itaendelea kufuatwa. Basi muswada ukaondolewa.

Mwaka 1900 ilitungwa sheria nyingine. Sheria hiyo iliiacha ardhi mikononi mwa wenyewe, lakini iliamuru kila mapatano ya kampuni na wakuu yachunguzwe mahakamani kwanza, wala ardhi isikodishwe kwa muda unaozidi miaka 99.

Haifai kudhani kwamba tangu siku ile shida zote zilikwisha. Wakuu wengine waliendelea kuwapa wageni ardhi kwa bei ndogo, na mashauri ya mipaka yaliwala watu fedha nyingi. Lakini yafaa kulinganisha na nchi nyingine. Katika Kenya, ambako Waafrika wa zamani zile hawakuwa na wakili wao barazani, sheria ya mwaka 1915 iliifanya ardhi yao kuwa ya Taji, na mwaka 1921 hakimu mkuu alihukumu kwamba wao ni wapangaji tu juu yake, wawezao kuondolewa. Katika Pwani ya Dhahabu mkulima alibaki juu ya shamba la ukoo wake. Baadaye, kakao ilipokuja kuwa utajiri mkuu wa nchi, iliota katika mashamba ya wenyeji wenyewe.

7. Mjumbe wa Baraza

Mwaka 1901 Sarbah alichaguliwa na Serikali kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, katika kazi ile ile aliyoifanya baba yake. Alidumu humo hata mwisho wa maisha yake.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Wajumbe walio wengi walikuwa wakubwa wa Serikali, nao walipiga kura kama Gavana alivyotaka. Mjumbe Mwafrika hakuweza kuzuia sheria kwa kura yake. Silaha yake ilikuwa moja: kuuliza, kueleza, na kuhakikisha kwamba maneno yake yameandikwa katika kumbukumbu za Baraza. Sarbah aliitumia silaha hiyo kwa uvumilivu. Hakuwatukana wakubwa, wala hakuwaogopa. Aliposema jambo, alikuwa amekwisha kulisoma na kulichunguza, hata wale wasiopatana naye waliona haya kulipuuza.

Mwaka 1910 Mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya CMG. Ni ajabu kidogo kwamba Serikali ilimheshimu hivyo mtu aliyeishinda katika shauri kubwa. Lakini Sarbah hakuwa adui wa utawala ulio wa haki. Alichokitaka ni kwamba Serikali itimize maneno yake yenyewe, na kwamba watu watawaliwe kwa sheria wanazozijua.

8. Nyumba na shule

Sarbah alimwoa Marian Wood wa Accra, wakapata watoto. Alikuwa na ndugu mdogo, Joseph Dutton Sarbah, aliyefariki angali kijana. Baba yao naye alifariki mwaka 1892. Huzuni ile Sarbah hakuiacha iwe huzuni tu. Aliweka fedha za kuwasaidia wanafunzi kwa jina la ndugu yake, ili kijana mwingine apate elimu ambayo Joseph hakuimaliza.

Tena aliipenda shule ya Cape Coast. Misheni ya Wesley ilifungua huko shule ya juu mwaka 1876, yenye wanafunzi kumi na saba. Shule ile ilikuwa haba ya fedha na walimu, ikadhoofika mara kwa mara. Sarbah na wenzake walianzisha kampuni ya shule za Wafanti, watu wakanunua hisa, na mwaka 1905 nguvu za kampuni na za Misheni zikaunganishwa. Shule ikaitwa Mfantsipim, na Sarbah akaipa neno la kuiongoza kwa Kifanti, ambalo maana yake ni hii: Fikiri, tazama mbele.

Hata hivyo shule ilipata dhiki tena. Husimuliwa kwamba mwaka 1907 mwalimu mkuu mpya, William Balmer, alipofika Cape Coast, aliwakuta wanafunzi wanane tu. Hawakuwa na mwalimu mkuu, lakini hawakwenda zao. Walikuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja lile alilolijua kuliko wenzake, ili shule isife. Watu huwaita Wanane Waaminifu hata leo. Shule ile iko bado, na mmoja wa wanafunzi wake wa baadaye ni Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

9. Mwisho wake, na kazi iliyobaki

John Mensah Sarbah alifariki tarehe 27 Novemba 1910, umri wake miaka arobaini na sita. Hakufikia uzee, wala hakuiona nchi yake ikijitawala.

Tarehe 6 Machi 1957 Pwani ya Dhahabu ilipata uhuru, ikachukua jina la Ghana. Siku ile ilikuwa siku ile ile ya mwezi ambayo mkataba wa 1844 ulitiwa sahihi, ila miaka 113 ilikuwa imepita. Katika Chuo Kikuu cha Ghana, huko Legon, liko bweni lililofunguliwa mwaka 1963 na kuitwa Mensah Sarbah. Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 yasema kwamba sheria za desturi ni sehemu ya sheria za nchi. Mawakili wanazitaja mahakamani, na kitabu cha 1897 bado husomwa na wachunguzao mambo hayo.

Desturi hugeuka pamoja na watu wake, na Sarbah alilijua jambo hilo. Mambo mengine aliyoyaandika yamebadilishwa. Mwaka 1985, kwa mfano, Ghana ilitunga sheria mpya ya mirathi, na sasa mjane na watoto wa mtu aliyekufa bila wasia hupewa sehemu kubwa ya mali yake. Lakini watu wa Ghana walipotaka kuigeuza desturi yao, waliigeuza wenyewe, baada ya kuijua. Haikupotea kwa sababu mgeni hakuiona.

Wako waliokwenda kusoma ng'ambo wakarudi wakiyadharau ya kwao. Wako pia waliokataa elimu ya ng'ambo kwa kuogopa kupotewa na ya kwao. Sarbah alichukua sheria ya wageni, akaifahamu barabara, akaifanya kuwa mlango wa kuingizia sheria ya wazee wake mahakamani. Wazee walikuwa na maneno ya kweli, lakini kalamu hawakuwa nayo. Mtoto wao akawaandikia.

MASWALI

1. Mkataba wa mwaka 1844 ulisema nini juu ya makosa makubwa? Ulisema nini juu ya ardhi?
2. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa hakimu Mwingereza kuamua mashauri kwa desturi za Wafanti?
3. Kwa desturi ya Wafanti wa zamani, mali ya mtu aliyekufa ilikwenda kwa nani? Eleza sababu.
4. Taja hoja tatu alizozitoa Sarbah kuupinga muswada wa mwaka 1897.
5. Jacob Wilson Sey hakujua kusoma. Je, aliisaidiaje nchi yake?
6. Waulize wazee wa kwenu desturi moja ya kugawa shamba au kurithi mali. Iandike kwa maneno yako mwenyewe, kisha uwasomee wao waseme kama umeiandika sawasawa.